Mshindi Aliyekimbia Peke Yake: Maisha ya Wyndham Halswelle



Mhariri ameniomba makala kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, na ameniwekea sharti moja tu: nisirudie hadithi za uji wa asubuhi na kunguni wa bweni, maana hizo kila mtu amekwisha kuziandika. Nimekubali. Badala yake nawaletea maisha ya mkimbiaji mmoja wa zamani, Wyndham Halswelle wa Uingereza, ambaye mwaka 1908 alipata nishani ya dhahabu ya mita 400 katika Michezo ya Olimpiki kwa kukimbia peke yake uwanjani, bila mpinzani hata mmoja. Hadi leo hakuna mwingine aliyepata ushindi wa chee katika fainali ya mbio za Olimpiki.

Ninayo sababu ya kumchagua yeye na si mwingine. Wale mliosoma enzi zetu mnaujua ule ubao wa mbao uliotundikwa bwaloni, wenye majina ya washindi wa mashindano ya mabweni. Jina langu limo: mita 400, mwaka 1978. Nitaurudia ubao huo mwishoni. Kwanza tumtazame Halswelle.

Mtoto wa mchoraji

Wyndham Halswelle alizaliwa London tarehe 30 Mei, 1882. Baba yake, Keeley Halswelle, alikuwa mchoraji mwenye sifa. Mama yake alitoka katika ukoo wa Kiskoti, na kwa sababu hiyo Waskoti walimhesabu kijana huyu kuwa wao, naye akaikimbilia Skoti katika mashindano mengi. Baba alifariki mwaka 1891, mtoto akiwa bado mdogo. Alisomeshwa Charterhouse, moja ya shule za bweni za siku nyingi za Uingereza, kisha akaingia chuo cha kijeshi cha Sandhurst. Mwaka 1901 akapewa uofisa katika kikosi cha Highland Light Infantry, ambacho ni kikosi cha Waskoti.

Mwaka 1902 alipelekwa Afrika Kusini, ambako Waingereza walikuwa wakipigana na Makaburu. Huko ndiko bahati yake ilikomsubiri. Katika kikosi chake alikuwamo askari aitwaye Jimmy Curran, aliyekuwa mkimbiaji wa kulipwa kabla ya kuvaa sare. Curran alimwona ofisa huyu kijana akikimbia na mara moja akatambua kwamba miguu ile si ya kawaida. Walipokwisha kurudi Skoti, Curran alimshawishi ayashike mazoezi ya riadha kwa dhati. Hebu fikirini jeshi la siku zile lilivyokuwa na matabaka: ofisa aliyetoka Sandhurst anakubali kufundishwa na askari wa chini yake. Wahenga wetu wanasema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Halswelle alikwenda vitani akaokota mwalimu.

Matunda hayakukawia. Mwaka 1904 alikuwa bingwa wa jeshi katika yadi 880. Mwaka 1905 akachukua ubingwa wa Uingereza wa yadi 440, na mwaka 1906 akauchukua tena. Mwaka huo huo wa 1906, katika mashindano ya Skoti, alifanya jambo ambalo ningependa vijana wetu walitafakari vizuri: alishinda yadi 100, yadi 220, yadi 440 na yadi 880, zote katika mchana mmoja. Kwa vipimo vya leo ni kama mwanafunzi mmoja ashinde mita 100, 200, 400 na 800 kati ya chakula cha mchana na kengele ya jioni. Mwenye pumzi za mita 800 kwa kawaida hana mwendo wa mita 100, na mwenye mwendo wa mita 100 hana pumzi za mita 800. Huyu alikuwa na vyote viwili.

Mwaka 1906 vilevile alisafiri hadi Athens, Ugiriki, kwenye michezo iliyofanywa kuadhimisha miaka 10 ya Olimpiki ya kwanza ya 1896. Alipata nishani ya fedha katika mita 400 na ya shaba katika mita 800. Mbio zote mbili zilichukuliwa na Mmarekani Paul Pilgrim. Kamati ya Olimpiki ya leo haiihesabu michezo hiyo kuwa Olimpiki kamili, lakini kwa Halswelle ilikuwa shule. Aliona kwa macho yake kwamba wapinzani wake wa kweli wako ng'ambo ya Atlantiki.

London, 1908

Olimpiki ya 1908 ilikuwa imepangiwa Roma. Waitalia walijitoa, na London ikaichukua kazi hiyo kwa haraka. Uwanja mpya ukajengwa huko Shepherd's Bush, sehemu iliyokuja kuitwa White City, kando ya maonyesho makubwa ya biashara ya Waingereza na Wafaransa. Mzunguko mmoja wa njia ya kukimbilia ulikuwa theluthi moja ya maili, yaani zaidi ya mita 530. Kwa hiyo mkimbiaji wa mita 400 hakumaliza duara zima: alianza kwenye upande wa mbali ulionyooka, akapita kona moja, kisha akaja nyumbani kwa mstari mrefu ulionyooka.

Na hapa pana jambo ambalo vijana hamna budi kulielewa, maana bila hilo habari yote haina maana. Leo kila mkimbiaji wa mita 400 ana njia yake iliyochorwa kwa chokaa, naye haruhusiwi kuivuka tangu bastola hadi utepe. Mwaka 1908 mita 400 ilikimbiwa bila njia. Wote walisimama kwenye mstari mmoja, bastola ikalia, na kila mtu akaukimbilia ukingo wa ndani, kwa sababu huko ndiko kona iliko fupi. Mwenye kutangulia alikuwa ameshika ufunguo wa nyumba. Mwenye kufuata ilimbidi atoke nje, akimbie zaidi, ndipo ampite aliye mbele.

Je, aliye mbele ana haki ya kumtanukia anayempita? Hapo ndipo ulipokuwa ubishi. Kwa kanuni za Chama cha Riadha cha Uingereza, jibu lilikuwa hapana kabisa: kumzuia mwenzio ni rafu na adhabu yake ni kutolewa. Kwa Wamarekani mbio zilikuwa na ukali zaidi, na kumsukuma mpinzani kidogo kuelekea nje katika mita za mwisho kulihesabiwa kuwa akili ya mchezo. Chama cha dunia cha kuamua kati yao kilikuwa hakijaundwa. Michezo ya London ilitumia kanuni za Waingereza, na waamuzi wote wa mbio walikuwa Waingereza.

Zaidi ya hayo, pande hizo mbili zilikuwa zimekwisha kununiana kabla ya siku ya mita 400. Siku ya ufunguzi bendera ya Marekani haikuonekana miongoni mwa bendera zilizopamba uwanja, na Wamarekani waliudhika. Katika kuvuta kamba walilalamika kwamba polisi wa Liverpool waliingia na mabuti mazito ambayo si ya michezo, na malalamiko yao yakatupiliwa mbali. Kwa hiyo ilipofika zamu ya mita 400, Wamarekani waliamini kwamba wenyeji wanajipendelea, na wenyeji waliamini kwamba wageni watafanya hila. Watu wakisha kuaminiana vibaya namna hiyo, hata kikohozi huwa tusi.

Alhamisi, tarehe 23 Julai

Halswelle alifika London akiwa katika kilele cha nguvu zake. Mapema mwaka huo alikuwa amekimbia yadi 300 kwa sekunde 31.2, na akachukua tena ubingwa wa Uingereza wa yadi 440. Katika nusu fainali ya Olimpiki, tarehe 22 Julai, alikimbia mita 400 kwa sekunde 48.4, ambayo ilikuwa rekodi mpya ya Olimpiki. Kesho yake aliingia fainali pamoja na Wamarekani watatu: John Carpenter, William Robbins na John Taylor.

Mmoja dhidi ya watatu. Waamuzi, kwa kuhofia kwamba watatu wale wangesaidiana, walijipanga pembezoni mwa njia kuwatazama wakimbiaji kwa karibu.

Bastola ikalia. Robbins alitangulia na kushika ukingo wa ndani. Halswelle hakuwa na haraka, kwa kuwa alijua mwendo wake wa mwisho. Walipotoka kwenye kona na kuuona mstari ulionyooka, Carpenter alikuwa amejitokeza mbele, naye Halswelle akatoka nje ili ampite. Hapo Carpenter alianza kukimbia mshazari. Hatua kwa hatua aliuacha ukingo wa ndani akielekea nje, mkono wake wa kulia ukiwa mbele ya kifua cha Halswelle. Kila Halswelle aliposogea nje, Carpenter naye alisogea, hata Halswelle akajikuta inchi 18 tu kutoka ukingo wa nje wa njia. Hakuwa na pa kupita, na mwendo wake ukakatika.

Waamuzi walinyosha mikono na kupiga kelele kwamba ni rafu. Kwenye mstari wa mwisho utepe ukakatwa kabla Carpenter hajaufikia. Taylor, aliyekuwa nyuma, alitolewa njiani kabla hajamaliza. Carpenter na Robbins walipita mstari, lakini hapakuwa na utepe wala mshindi. Wamarekani waliingia uwanjani, Waingereza wakaingia uwanjani, na kwa muda mrefu palikuwa na makelele matupu. Njia ile ilikuwa ya makaa yaliyosagwa, hivyo nyayo zilibaki. Waamuzi walizifuata nyayo za Carpenter na kuona jinsi zilivyokata njia mshazari tangu ndani hadi nje.

Jioni ile uamuzi ukatolewa. Mbio zilifutwa, Carpenter akaondolewa, na fainali ikaamriwa irudiwe Jumamosi tarehe 25 Julai, safari hii kwa njia zilizotengwa kwa kamba, ili pasiwe na mtu wa kumgusa mwenzake.

Nataka mlione jambo moja ambalo aghalabu huachwa habari hii inaposimuliwa. Magazeti yaliwaka moto. Ilienezwa kwamba Carpenter alimpiga Halswelle kwa kiwiko, na kwamba Halswelle alikuwa na alama kifuani. Kwa mtu aliyeonewa, maneno hayo yalikuwa asali: yalimfanya yeye kuwa shujaa na mpinzani wake kuwa mhuni. Halswelle aliyakana hadharani. Alieleza kwamba hakupigwa kwa nguvu, kwamba hakuwa na alama yoyote, na kwamba hakumwonyesha mtu alama ambazo hazikuwapo. Alichofanyiwa, alisema, ni kuzibiwa njia na kusukumizwa nje. Alisema hilo na akaishia hapo. Ndugu zangu, kusema kweli inayokuumiza ni vigumu. Kukataa uongo unaokupendeza ni vigumu zaidi.

Jumamosi

Siku ya marudio ilifika. Kamba zilikuwa zimefungwa na waamuzi wamesimama mahali pao, lakini Robbins na Taylor hawakutokea. Timu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba Carpenter hakukosa, na kwamba kama hakimbii yeye basi hawakimbii wote.

Hapo Halswelle alikuwa na njia mbili. Angeweza kukataa, akasema kwamba mbio bila wapinzani si mbio. Au angeweza kukimbia, akiwa ofisa wa jeshi aliyezoea kutii, kwa sababu chama chake kilimtaka akimbie. Inasimuliwa kwamba moyo wake haukutaka. Hata hivyo alivaa viatu vyake, akasimama kwenye mstari peke yake, bastola ikalia kwa ajili ya mtu mmoja, naye akakimbia mita 400 mbele ya watu waliokuja kutazama mashindano. Alitumia sekunde 50, pungufu ya mwendo wake wa nusu fainali. Wala sishangai. Ni nani awezaye kukimbia kwa nguvu zote huku akisikia nyayo zake mwenyewe tu?

Nishani ya dhahabu ikawa yake, na hakuna awezaye kumnyang'anya. Lakini nadhani hakuna aliyejua vizuri kuliko yeye kwamba amenyimwa kitu. Mkimbiaji hushindana ili ajue jibu la swali moja: je, yupi kati yetu ni hodari zaidi? Siku ya Alhamisi swali lile lilizuiwa na mkono wa Carpenter. Siku ya Jumamosi lilizuiwa na viti vitupu vya Wamarekani. Halswelle alipewa nishani lakini hakupewa jibu. Hata Carpenter na wenzake hawakulipata. Huenda Carpenter alikuwa na mwendo wa kushinda siku ile kwa haki kabisa, na yeye mwenyewe ndiye aliyejinyima nafasi ya kuonyesha hivyo.

Namkumbuka pia John Taylor, ambaye katika ugomvi huu mara nyingi hutajwa kwa jina tu. Alikuwa Mmarekani mweusi, mtoto wa wazazi waliozaliwa utumwani, na mwaka huo huo wa 1908 alihitimu udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Katika michezo ile ile ya London alikimbia sehemu ya mita 400 ya mbio za kupokezana, na timu yake ikashinda. Hivyo akawa mtu mweusi wa kwanza wa Marekani kupata nishani ya dhahabu ya Olimpiki. Alirudi kwao, na tarehe 2 Desemba, 1908, akafa kwa homa ya matumbo akiwa na miaka 26 tu. Kama angesimama kwenye mstari Jumamosi ile kando ya Halswelle, kamba zikiwatenga, tungekuwa na habari nyingine ya kusimuliana leo. Wote wawili walistahili mbio ile.

Baada ya kelele

Halswelle hakudumu katika riadha. Baada ya kukimbia kwa mara ya mwisho mbele ya Waskoti wake huko Glasgow mwaka huo huo wa 1908, alitundika viatu na kurudi kwenye kazi ya jeshi. Alikuwa na miaka 26, umri ambao wakimbiaji wengi ndio kwanza wanaiva. Mwalimu wake Curran alihamia Marekani akafundisha riadha katika shule ya sekondari ya Mercersburg, huko Pennsylvania, kwa miaka mingi. Mmoja wa wanafunzi wake, Ted Meredith, alishinda mita 800 katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912 kwa rekodi ya dunia. Yaani mwalimu yule yule aliyemlea mpinzani wa Wamarekani alikwenda kuwalelea Wamarekani bingwa. Mwalimu mzuri hana mpaka.

Na kelele za London hazikupotea bure. Watu wa riadha walitambua kwamba haiwezekani mataifa yakutane kushindana huku kila moja likiwa na kanuni zake mfukoni. Mwaka 1912, huko huko Stockholm, mataifa 17 yaliunda chama cha riadha cha dunia, ambacho kazi yake ilikuwa kuweka kanuni moja kwa wote na kutunza rekodi. Katika michezo hiyo ya 1912 fainali ya mita 400 ilikimbiwa kwa njia zilizotengwa, kila mtu na yake. Mistari myeupe mnayoichora kila mwaka kwenye uwanja wetu wa nyasi, kwa chokaa ikiwapo na kwa majivu ya jikoni ikikosekana, ina undugu na zile kamba za Jumamosi ya 1908.

Mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza ililipuka. Ni vita hivyo hivyo vilivyowakokota babu zetu maelfu kwa maelfu kubeba mizigo ya majeshi katika nchi hizi zetu, na jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limebaki kuwa ukumbusho wao. Halswelle, sasa akiwa kapteni, alipelekwa Ufaransa. Mwezi Machi 1915 alikuwa katika mapigano ya Neuve Chapelle, mahali ambapo askari wengi walikufa kwa ajili ya kusogea mbele hatua chache tu. Alijeruhiwa kwa vipande vya kombora, lakini akafungwa bendeji na kurudi mstari wa mbele. Tarehe 31 Machi, 1915, akijaribu kumwokoa ofisa mwenzake aliyeumia, alipigwa risasi na mdunguaji akafa. Alikuwa na miaka 32. Amezikwa huko huko kaskazini mwa Ufaransa, karibu na kijiji cha Laventie. Mwaka 2003 Waskoti waliliingiza jina lake katika orodha ya heshima ya wanamichezo wao.

Ubao wa bwaloni

Sasa niurudie ule ubao, kama nilivyoahidi.

Mwaka 1978 nilikuwa kidato cha tatu. Uwanja wetu ulikuwa na mistari ya njia kwenye sehemu iliyonyooka tu, kwa sababu chokaa ilikwisha. Kwenye kona tulikimbia kama Halswelle na wenzake, kila mtu akitafuta ndani. Fainali ya mita 400 ilikuwa na watu sita, lakini kwa kweli ilikuwa ya watu wawili, mimi na mwenzangu mmoja wa bweni la pili ambaye sitamtaja jina. Tulipofika kona ya mwisho nilikuwa mbele, nami nikasikia pumzi zake zikija upande wa kulia. Nilijua atanipita. Mwili wangu ukatanuka wenyewe, au ndivyo nilivyojiambia kwa miaka mingi. Kiwiko changu kilitoka, yeye akakanyaga nje kwenye majani marefu, akajikwaa, nami nikaukata utepe. Hapakuwa na mwamuzi kwenye kona. Walimu wote walikuwa kwenye mstari wa mwisho na saa zao. Bweni letu lilinibeba juujuu, na jina langu likaandikwa ubaoni kwa rangi nyeupe.

Mwenzangu hakulalamika, si siku ile wala baadaye. Alinipa mkono.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha na kipindi cha michezo kikafanyiwa darasani. Mwalimu wetu wa michezo akatusimulia habari ya Wyndham Halswelle na John Carpenter, tangu mwanzo hadi mwisho, kama nilivyowasimulia ninyi. Hakunitazama hata mara moja. Kama aliona kitu kwenye ile kona, hakukisema, na sasa ni marehemu. Mimi niliinama juu ya daftari nikijifanya naandika. Wenzangu walimhurumia Halswelle. Mimi niliwafikiria wote wawili, na nilijua vizuri nafsi yangu inafanana na yupi.

Miaka mingi imepita. Nimekuwa na kazi, mke, watoto na wajukuu, na bado kila nikija kwenye mkutano wetu na kuingia bwaloni, macho yangu huenda kwenye ubao ule kabla ya kwenda kwenye sahani. Mwaka jana mwenzangu yule alikuja pia. Nilimwita pembeni nikamweleza niliyoyafanya, nikamwomba radhi. Alicheka, akasema kwamba alijua siku zote, na kwamba kilichomuuma si kushindwa bali kwamba tangu siku ile hakupata kujua kama angeniweza. Nami nikamjibu kwamba hata mimi sikupata kujua. Tulikaa kimya kidogo, wazee wawili wenye magoti mabovu, kisha tukaenda kula.

Vijana wangu, sikuandika haya ili mnihurumie, wala kuwakataza kukimbia kwa uchu. Kimbieni kwa uchu. Lakini mkumbuke kwamba mpinzani wako ndiye pekee awezaye kukupa kile unachokitafuta uwanjani. Ukimzuia, umejizuia. Halswelle alipata dhahabu na mimi nilipata ubao, na wote wawili tulibaki na swali lile lile, ila yeye alibaki nalo akiwa safi.

Nimemwandikia Mkuu wa Shule kuomba mambo mawili. La kwanza, chama chetu kitatoa chokaa ya kutosha kuchora njia zote za uwanja, kona na sehemu zilizonyooka, kabla ya mashindano ya mwaka huu. La pili, siku hiyo mimi mwenyewe nipewe kibendera na kiti. Nitakaa kwenye kona ya mwisho.